Kigali: Namna ya kuupa mwili maji kwa mtu asiyependa maji matupu

Wapo wakazi wa Kigali wanaomaliza siku nzima bila kunywa hata glasi moja ya maji. Si kwamba maji yamekosekana nyumbani, hawayapendi tu. Mmoja husema hayana ladha, mwingine husema yananuka dawa, na wa tatu husema mji wenyewe una ubaridi na kiu haiji. Hata hivyo, watu hao hao hunywa chai asubuhi, maziwa mchana na uji jioni, kisha huulizana iwapo hayo yanahesabika.

Utafiti uliofanyika katika miongo ya karibuni unatoa jibu la wazi: yanahesabika. Mwili haubagui maji yaliyoingia kwa njia ya glasi, kikombe, bakuli au tunda. Lakini jibu hilo lina masharti yake. Vipo vinywaji vinavyoleta maji pamoja na sukari nyingi kupita kiasi, yapo maradhi yanayomnyemelea mtu anayekunywa kidogo kwa miaka mingi, na wapo watu ambao kiu yao haiwezi kutegemewa. Makala haya yanaeleza mahitaji ya mwili, vinywaji na vyakula vya Kigali vinavyoweza kuyatimiza, na mipaka ambayo haifai kuvukwa.

Mwili unahitaji maji kiasi gani?

Takriban asilimia 60 ya uzito wa mwanamume mtu mzima ni maji. Kwa mwanamke ni kati ya asilimia 50 na 55. Kila siku sehemu ya maji hayo hutoka kwa mkojo, jasho, pumzi na choo, na sharti irudishwe.

Mwaka 2010, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipendekeza lita 2 kwa siku kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanamume anayeishi katika hali ya hewa ya wastani na asiyefanya kazi nzito. Kwa mama mjamzito iliongeza mililita 300, na kwa anayenyonyesha takriban mililita 700. Jambo ambalo watu wengi hulisahau ni kwamba kiasi hicho si cha maji ya kunywa peke yake. Kinajumuisha vinywaji vyote pamoja na maji yaliyomo ndani ya chakula, ambayo kwa kawaida huchangia kama sehemu moja ya tano. Kwa hiyo kinachobaki kunywewa ni takriban lita 1.6 kwa mwanamke na lita 2 kwa mwanamume, yaani vikombe sita hadi vinane vya robo lita, vya kinywaji chochote kinachofaa.

Kanuni mashuhuri ya "glasi nane za maji kila siku" haina msingi imara kama inavyodhaniwa. Mwaka 1945, bodi ya chakula na lishe ya Marekani ilitaja kiwango cha lita 2.5 kwa siku, lakini ikaongeza kwamba sehemu kubwa ya kiasi hicho tayari imo ndani ya vyakula. Sentensi ya kwanza ilienea duniani. Ya pili ikasahauliwa. Mwaka 2002, daktari bingwa wa elimu ya figo, Heinz Valtin, alichapisha uchunguzi wa kina wa maandiko ya kitaalamu, akahitimisha kwamba hakupata ushahidi wa kuwalazimisha watu wazima wenye afya njema kufuata kanuni hiyo.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science ulipima matumizi ya maji ya watu 5,604 kutoka nchi 23, kuanzia watoto wenye umri wa siku 8 hadi wazee wa miaka 96. Ulionyesha kwamba hakuna kiwango kimoja kinachomfaa kila mtu. Umri, ukubwa wa mwili, kazi anayoifanya mtu, joto na hata mwinuko wa mahali anapoishi hubadilisha mahitaji yake.

Kwa nini kiu huchelewa Kigali?

Msafiri anayetoka Mombasa au Dar es Salaam huona tofauti mara anapofika. Pwani, jasho hutiririka na shati hulowa, na mtu hukumbuka maji bila kukumbushwa. Kigali imejengwa juu ya vilima vilivyo zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi na jioni kuna ubaridi, na joto la mchana kwa kawaida halifikii kiwango cha pwani. Kati ya mwezi Juni na Agosti, msimu wa kiangazi, hewa hukauka na vumbi hutimka. Katika hewa kavu jasho hukauka upesi kabla mtu hajalitambua, na pumzi nayo hubeba unyevunyevu mwingi zaidi kutoka mwilini. Aidha, ubaridi hupunguza hisia ya kiu. Kwa hiyo mtu aliyepanda kwa miguu kutoka Nyabugogo hadi katikati ya mji anaweza kuwa amepoteza maji mengi kuliko anavyodhani.

Zipo pia sababu za kijamii. Kwa desturi ya Kinyarwanda, kula na kunywa huku mtu akitembea barabarani hakuhesabiwi kuwa adabu, hivyo wengi husubiri wafike nyumbani au waingie mahali pa kukaa. Madereva wa pikipiki za abiria na akina mama wanaouza bidhaa nje hukabiliwa na jambo jingine: anayekunywa sana hulazimika kutafuta choo, na si kila pahali choo kipo karibu. Kwa hiyo wapo wanaojinyima kinywaji kwa makusudi tangu asubuhi hadi jioni. Hilo si suala la kupenda au kutopenda maji, bali ni mazingira ya kazi, na huathiri wanawake zaidi.

Kwa kijana mwenye afya aliyekaa kivulini, kiu ni mwongozo mzuri. Kwa mzee, kwa mfanyakazi wa juani na kwa mtu aliyejizoeza kuipuuza, mwongozo huo hupungua nguvu.

Madhara ya kunywa kidogo

Upungufu wa maji unaofikia takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili unatosha kuleta uchovu, maumivu ya kichwa na kushindwa kutuliza fikra. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni lita 1.2. Kinywa hukauka, choo huwa kigumu, na mtu husinzia kazini bila kujua sababu.

Madhara makubwa zaidi hujitokeza polepole. Mkojo unapokuwa mchache na mzito, chumvi zilizomo ndani yake hugandamana na kufanya mawe katika figo. Watafiti wa Italia waliwafuatilia kwa miaka 5 wagonjwa 199 waliowahi kupata jiwe la figo mara moja. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996, miongoni mwa wagonjwa 99 waliotakiwa kunywa maji mengi, 12 walipata jiwe tena. Miongoni mwa 100 ambao hawakutakiwa kubadili mazoea yao, idadi hiyo ilikuwa 27. Ndiyo maana wataalamu wa njia ya mkojo humshauri mtu aliyewahi kupata jiwe anywe kiasi kitakachomwezesha kutoa angalau lita 2.5 za mkojo kwa siku.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2018, uliwahusu wanawake 140 waliokuwa wakipata maambukizi ya kibofu mara kwa mara na waliokuwa wakinywa chini ya lita 1.5 kwa siku. Nusu yao waliongezewa lita 1.5 za maji kila siku kwa muda wa mwaka mmoja. Wastani wa maambukizi kwao ulikuwa 1.7 kwa mwaka, dhidi ya 3.2 kwa wenzao. Kwa mwanamke anayerudi hospitali kila baada ya miezi michache kutafuta dawa za kuua vijidudu, tofauti hiyo si ndogo.

Maziwa: hazina iliyo mlangoni

Ng'ombe ana heshima ya pekee nchini Rwanda. Salamu ya jadi "amashyo" humtakia mtu kuwa na makundi ya ng'ombe, na tangu mwaka 2006 mpango wa Girinka umekuwa ukizigawia ng'ombe familia maskini. Mjini Kigali, desturi hiyo inaonekana katika baa za maziwa, ambako mteja huketi na kuagiza inshushyu, yaani maziwa ya moto yasiyoganda, au ikivuguto, maziwa mgando, akayanywa pamoja na chapati au andazi.

Kwa mtu asiyependa maji matupu, pahali hapo pana faida kuliko anavyojua. Mwaka 2016, watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanaume 72. Waliwapa vinywaji 13 vya aina mbalimbali, kila kimoja kwa siku yake, kiasi cha lita moja, kisha wakapima mkojo wao kwa saa 4. Maziwa, pamoja na maji ya chumvi na sukari ya kutibu kuhara, yalibaki mwilini kwa muda mrefu kuliko maji matupu. Sababu inafahamika: takriban asilimia 87 ya maziwa ni maji, na kilichobaki ni pamoja na protini, mafuta, sodiamu na potasiamu. Viambato hivyo huyafanya maji yatoke tumboni polepole, na figo zisiyatoe yote kwa haraka.

Hata hivyo, maziwa ni chakula pia. Nusu lita ya maziwa yenye mafuta yake yote ina takriban kalori 300, kwa hiyo hayafai kuchukua nafasi ya vinywaji vyote vya siku. Kwa watu wazima wengi duniani, sukari ya maziwa, yaani laktosi, husababisha gesi na kuharisha. Mtu wa aina hiyo mara nyingi huvumilia ikivuguto vizuri zaidi, kwa kuwa bakteria wanaoyagandisha maziwa hula sehemu ya sukari hiyo. Na kwa hali yoyote, maziwa mabichi yasiyochemshwa yanaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa brusela na vinginevyo. Kabla ya kunywa au kugandisha, ni lazima yachemshwe.

Chai na kahawa hazikaushi mwili

Imani kwamba chai na kahawa hunyang'anya mwili maji imeenea, lakini haithibitiki kwa anayekunywa kwa kiasi. Utafiti wa mwaka 2014 uliofanyika Birmingham uliwahusu wanaume 50 waliozoea kahawa. Kwa siku kadhaa walikunywa vikombe vinne vya mililita 200 vya kahawa kila siku, kisha kwa muda kama huo wakanywa maji ya kiasi kile kile. Vipimo vya damu na mkojo havikuonyesha tofauti ya maana. Kafeini huongeza mkojo kidogo, hasa kwa asiyeizoea, lakini maji yaliyomo kikombeni huufidia upungufu huo.

Hii ni habari njema katika nchi inayolima chai na kahawa milimani mwake. Chai ya rangi, ambayo wakazi wa Biryogo na Nyamirambo huiita mukaru, ikitiwa tangawizi, ndimu au mchaichai, ni maji yenye harufu nzuri na karibu hayana kalori, almuradi sukari isizidi. Kwa mtu mzima mwenye afya, Ulaya imeweka kikomo cha miligramu 400 za kafeini kwa siku. Kwa mjamzito ni miligramu 200. Yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, chai inayonywewa pamoja na mlo huzuia sehemu ya madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga, hivyo ni bora ingojewe kama saa moja baada ya kula, hasa kwa wajawazito na wenye upungufu wa damu. Pili, kikombe cha usiku huondoa usingizi.

Hatari iliyojificha ni sukari. Kijiko kimoja cha chai kina takriban gramu 4. Anayetia vijiko vitatu katika kikombe na kunywa vikombe vinne kwa siku amefikisha gramu 48. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, sawa na takriban gramu 50, na linaona ni vyema zaidi isizidi gramu 25. Atakayepunguza nusu kijiko kila wiki atafika mahali pazuri bila kuteseka, kwa kuwa ulimi huzoea.

Uji, mchuzi na matunda

Uji, unaoitwa igikoma kwa Kinyarwanda, hupikwa kwa unga wa mtama, mahindi, soya au ulezi, na sehemu kubwa yake ni maji. Kikombe kikubwa cha uji mwepesi asubuhi kinampatia mtu karibu robo lita ya maji pamoja na nguvu ya kuanzia kazi. Mchuzi wa maharage, supu ya samaki au ya mboga na maji ya nyama iliyochemshwa huhesabika vilevile, ingawa chumvi haipaswi kuzidi, hasa kwa wenye shinikizo la damu. Hata wali uliokwisha kupikwa una maji zaidi ya nusu ya uzito wake.

Matunda na mboga mbichi ni chemchemi nyingine. Tango lina maji takriban asilimia 95, nyanya asilimia 94, tikiti maji asilimia 92, papai asilimia 88, chungwa asilimia 87 na nanasi asilimia 86. Kipande cha tikiti maji cha gramu 300 kina karibu sawa na glasi ndogo ya maji. Matunda yanayoliwa mazima yana faida kuliko juisi yake, kwa sababu nyuzinyuzi zake hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu na husaidia choo kuwa laini.

Juisi, soda na pombe

Juisi za maracuja, nanasi na ibinyomoro, yale matunda mekundu yenye mbegu nyingi na uchachu wa kupendeza, hupatikana kila mtaa. Juisi huleta maji, lakini huleta pia sukari ya matunda mengi katika glasi moja, na mara nyingi huongezewa nyingine. Njia ya wastani ni kuzimua: sehemu moja ya juisi kwa sehemu tatu za maji safi. Rangi hubaki, harufu hubaki, na sukari hushuka hadi robo.

Chupa ya soda ya kola ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari. Chupa mbili humvusha mtu mpaka uliowekwa na Shirika la Afya Duniani. Soda huondoa kiu kwa muda, lakini kuifanya iwe kinywaji cha kila siku ni kujibu tatizo moja kwa kuzaa jingine: uzito, kisukari na meno kuoza.

Kuhusu pombe, iwe urwagwa wa ndizi, ikigage cha mtama au bia ya chupa, isihesabiwe kuwa njia ya kuupa mwili maji. Pombe huzuia homoni inayoziagiza figo zihifadhi maji, na kadiri inavyokuwa kali ndivyo upotevu unavyozidi. Mwaka 2023, mamlaka za afya za Rwanda zilianzisha kampeni ya TunyweLess ya kuwahimiza wananchi wapunguze unywaji wa pombe, na sababu hii inaweza kuongezwa katika orodha yake ndefu.

Kuyafanya maji yenyewe yanyweke

Mara nyingi mtu anayesema hapendi maji huwa anachukia kasoro fulani ya maji anayoyapata, na kasoro hiyo inaweza kurekebishwa.

Harufu ya dawa. Maji ya Kigali husafishwa katika mitambo kama ile ya Nzove na Kimisagara, na hutiwa klorini ili vijidudu visizaliane ndani ya mabomba. Shirika la Afya Duniani linakubali kiwango cha hadi miligramu 5 za klorini kwa lita, ilhali wapo watu wanaoitambua ladha yake hata ikiwa miligramu 0.3. Maji yaliyokwisha kuwa salama yakiachwa kwa saa chache katika chombo safi chenye mdomo mpana, kilichofunikwa kwa kitambaa safi, harufu hiyo hupungua.

Ladha iliyopooza ya maji yaliyochemshwa. Kuchemsha hufukuza hewa iliyoyeyuka ndani ya maji. Yakishapoa, kuyamimina mara kadhaa kutoka chombo kimoja safi hadi kingine huirudisha. Kwa maeneo yaliyo chini ya mita 2,000, dakika moja ya kutokota sawasawa inatosha kuua vijidudu, ingawa katika mwinuko wa Kigali maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Anayepikia makaa au kuni afunike sufuria, la sivyo moshi utaingia katika ladha.

Uvuguvugu. Watu wengi hunywa zaidi maji yakiwa ya baridi kiasi kuliko yakiwa vuguvugu. Asiye na jokofu anaweza kutumia mtungi wa udongo, ambao huyapoza maji kwa njia ya uvukizi.

Ukosefu wa ladha. Vipande vya tango, majani ya nanaa, tangawizi iliyopondwa au matone ya limau hubadilisha glasi nzima. Limau lina faida ya ziada, kwa kuwa sitrati iliyomo husaidia kuzuia baadhi ya aina za mawe ya figo. Lakini maji yenye limau yasinywewe kidogo kidogo kutwa nzima, maana uchachu hula ngozi ya nje ya meno.

Mwezi wa Ramadhani

Kwa Waislamu wa Kigali, swali hili huwa zito zaidi katika mwezi wa mfungo. Mji upo karibu nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo urefu wa mchana haubadiliki sana, na mfungo huchukua takriban saa 13 katika kila majira. Maji yote ya siku sharti yaingie katika muda wa saa 11 zilizobaki, na sehemu yake ni ya usingizi.

Kosa la kawaida ni kunywa lita nzima kwa pamoja wakati wa daku. Figo huitoa sehemu kubwa kabla ya adhuhuri. Kinachosaidia ni kugawanya: tende na kikombe cha uji au maziwa wakati wa kufuturu, supu pamoja na chakula, kikombe cha mukaru chenye sukari kidogo baada ya swala ya tarawehe, tunda lenye maji mengi kabla ya kulala, kisha ikivuguto au uji pamoja na glasi moja ya maji wakati wa daku. Vyakula vyenye chumvi nyingi vikiepukwa katika daku, kiu ya mchana hupungua. Wenye kisukari, maradhi ya figo au ujauzito wenye matatizo wazungumze na daktari kabla mwezi haujaandama. Sheria ya Kiislamu yenyewe inampa mgonjwa ruhusa ya kula.

Watu wanaohitaji uangalifu wa pekee

Mtoto mchanga aliye chini ya miezi 6 hapewi maji kamwe, hata wakati wa joto. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha, takriban asilimia 87, na maji ya kikombe yanaweza kumletea maradhi na kumpunguzia hamu ya kunyonya.

Mzee hupoteza hisia ya kiu kadiri umri unavyosonga. Asiulizwe tu kama ana kiu, kwani atajibu kwamba hana. Apelekewe kikombe cha kile akipendacho kwa saa maalumu.

Mgonjwa wa moyo au wa figo aliyewekewa kikomo na daktari afuate kikomo hicho. Kwake yeye chai, uji, supu na tikiti maji vyote vinahesabika katika kiwango alichopangiwa.

Mwanamichezo naye asizidishe. Mwaka 2002, miongoni mwa wakimbiaji 488 wa mbio za marathoni za Boston waliopimwa damu, asilimia 13 walikutwa na sodiamu pungufu, na chanzo kikuu kilikuwa kunywa kupita kiasi njiani. Hali hiyo inaweza kuua.

Mwenye kuhara au kutapika haitoshi kumpa chai au soda. Anahitaji maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo maalumu. Pakiti za dawa hiyo hutolewa vituo vya afya na huuzwa madukani mwa dawa. Pakiti isipopatikana, lita moja ya maji safi hutiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, na mchanganyiko hunywewa kidogo kidogo. Mtoto ambaye macho yake yamezama, asiyetoa mkojo, au anayelegea na kusinzia isivyo kawaida apelekwe hospitali mara moja. Namba ya kuita gari la wagonjwa nchini Rwanda ni 912.

Jinsi ya kujipima na kuipanga siku

Kipimo rahisi kipo kwa kila mtu. Mkojo wenye rangi ya manjano hafifu huashiria kwamba mwili una maji ya kutosha. Ukifanana na chai iliyokolea, maji yamepungua. Mkojo wa kwanza wa asubuhi huwa mzito kidogo kwa kawaida, hivyo ni bora kuangalia ule wa mchana. Vidonge vya vitamini na baadhi ya dawa hubadilisha rangi, na rangi ya damu, hata mara moja, ni sababu ya kumwona daktari.

Siku ya mtu asiyekunywa maji matupu inaweza kupangwa hivi:

- Asubuhi: kikombe kikubwa cha uji (mililita 300) na kikombe cha chai (mililita 250).
- Saa nne: glasi ya maji yenye tango au nanaa (mililita 250).
- Mchana: glasi ya juisi iliyozimuliwa (mililita 250), pamoja na mchuzi na tunda.
- Saa kumi: nusu lita ya ikivuguto.
- Jioni: kikombe cha mukaru kisicho na sukari nyingi (mililita 250).

Jumla yake ni mililita 1,800, bila kuhesabu mchuzi na tunda. Kwa mtu wa kazi nyepesi kiasi hicho kinatosha. Anayebeba mizigo, anayelima au anayeendesha pikipiki juani atahitaji kuongeza, na pahali pazuri pa kuanzia ni kabla ya kutoka nyumbani, wakati choo kipo karibu. Waajiri na wasimamizi wa masoko nao wana sehemu yao: choo safi kilicho karibu huweza kufanya kazi kubwa kuliko mawaidha mengi kuhusu glasi nane.